Mwaka Tuliomngoja Orena

Mke wa Bahati alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya benki huku Kigali, na kwa kuwa sikuijua namba, nikamjibu kwa ukali kama ninavyowajibu wauza bima. Akajitambulisha polepole. Akasema mumewe amefariki juzi katika hospitali moja ya Kampala, mwili umeshafika Gisenyi, mazishi ni Ijumaa. Namba yangu aliikuta kwenye simu ya marehemu, imeandikwa neno moja tu, Tanzania, naye akadhani ni mfanyabiashara fulani wa Dar es Salaam. Nikamwambia hapana, ni mimi, Deo, tulikuwa majirani tukiwa vijana. Bahati na mimi hatukuwa tumezungumza tangu mwaka 1999. Kumbe namba yangu alikuwa nayo, sijui aliipata kwa nani, sijui tangu lini, na hakuipiga hata mara moja. Nilitoka kwenye foleni nikakaa kwenye ngazi za nje, nikalia mbele ya mlinzi na wateja, mtu mzima mwenye mvi na tai shingoni.

Jioni ile mwanangu alikuwa sebuleni akibishana na wenzake kwenye simu. Ana miaka kumi na saba, na ubishi wao ni uleule kila wiki: je, michezo ya video ya Kijapani, ile ya hadithi ndefu ambamo unaongoza kikundi cha mashujaa kutoka mji hadi mji kwa saa sitini au themanini, ni sanaa au ni kupoteza umri? Nikakaa kando yake, nikatoa hukumu ambayo hakuiomba. Nilimwambia kasoro zake nazijua kuliko yeye. Huwezi kutembea hatua kumi porini bila kuvamiwa na popo au konokono wenye meno, na ukishawamaliza, hatua kumi nyingine wamerudi. Wazee wa kijijini wanakujibu sentensi ileile hata ukiwaamkia mara mia. Dunia inakaribia kuteketea, lakini kazi ya kuiokoa wameachiwa watoto, huku watu wazima wakiendelea kuuza dawa dukani kana kwamba hakuna neno. Mnaingia majumbani mwa watu bila hodi na kufungua makabati yao. Na kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba hadithi imekwisha kuamuliwa. Pigana vizuri utakavyo, lililoandikwa litatokea, na kazi yako ni kubonyeza kitufe ili litokee. Mwanangu aliniangalia kana kwamba nimezungumza Kijapani chenyewe.

"Baba, wewe ulicheza wapi?"

"Gisenyi," nikasema. Sikumwambia sifa zake, ambazo nazo nazijua, wala sikumwambia kwamba mchezo mmoja wa namna hiyo ndio ulionifundisha mimi ni mtu wa aina gani. Nimeamua kuyaandika hapa, kwa sababu sasa hakuna tena wa kumwomba radhi.

Mwaka ule wa 1999 nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimetoka Tanzania na Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kuungaunga, na pale Gisenyi nikajikuta kati ya watu wanaoongea Kinyarwanda nyumbani, Kifaransa darasani, na sokoni Kiswahili cha Kongo ambacho kwanza nilikicheka, kisha nikakipenda. Bahati alikuwa jirani. Familia yake ilikuwa imetoka upande wa Masisi, huko Kongo, na siku ya kwanza aliposikia nikimwambia mama yake "shikamoo", alicheka mpaka akashika ukuta, akanibatiza Tanzania papo hapo. Sebule yao ilikuwa ndogo, ina viti vinne vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na televisheni imewekwa juu ya kabati la vyombo, hivyo kila tulipocheza kwa nguvu vikombe viligongana ndani. Upepo ukivuma kutoka kiwanda cha bia, nyumba nzima ilinuka kimea. Usipovuma, ilinuka isambaza, vile visamaki vya ziwani, vikikaangwa nyuma. Mjomba wao, aliyekuwa akivuka mpaka pale Petite Barrière kila siku na mizigo yake kwenda na kurudi Goma, ndiye aliyeileta mashine ya kuchezea, iliyokwishatumika na mtu mwingine, pamoja na mchezo mmoja wa diski tatu. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Bahati hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na ndivyo nilivyopata cheo changu cha kwanza duniani. Yeye alishika manette, kile kidude cha kubonyezea, mimi nikasoma.

Mama yake tulimwita Mama Riziki, kwa jina la kifunguamimba wake, kama ilivyo desturi. Riziki alikuwa ameolewa karibu na Sake, na familia ilipovuka kuja Rwanda yeye alibaki kwa mumewe. Vita ya mwaka 1996 ilipopita huko, habari zake zikakatika. Ilikuwa inatimia miaka mitatu. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, na kwa hiyo ikiriyo, matanga yetu, hayakuwahi kukaliwa. Hakuna majirani waliokuja kukaa uani siku kadhaa, hakuna aliyeleta kuni wala kinywaji, hakuna aliyemshika mama mkono na kumwambia pole. Mtu asiyekaliwa matanga hajafa, lakini na mama yake naye hana ruhusa ya kumlilia mbele za watu. Kila aliyeingia mle ndani na kumsalimu, mimi nikiwamo, alilitaja jina la binti huyo, naye aliitika.

Mchezo wenyewe ulihusu ndugu wawili wa mlimani, dada mkubwa aitwaye Orena na mdogo wake, walioondoka kwao kumtafuta mfua chuma aliyeiba moto wa kijiji. Njiani wakaungana na mtawa mnene mpenda kula na mwizi aliyestaafu. Orena ndiye aliyekuwa na upinde, na ulimi mkali kuliko mishale yake. Nilipofasiri alivyomsimanga mdogo wake kwa kutokunawa miguu, Bahati alipiga paja. "Huyu njo Riziki! Riziki kabisa!" Mama Riziki alisimama mlangoni na sinia la viazi vya Bugeshi mikononi, akauliza yule binti amesema nini tena, nikamrudishia maneno yote, naye akacheka huku machozi yanamtoka. Basi hapa niseme sifa za michezo hiyo. Haina pupa. Katika vita kila mtu anangoja zamu yake, hata adui, kama watu waliolelewa vizuri. Inakupa saa ishirini za kutembea na mtu, kulala naye kwenye nyumba za wageni, kumsikia akilalamika kuhusu mvua, kumchagulia kofia, na hujui kuwa wakati wote huo unafundishwa kumpenda. Filamu haina muda huo. Kwa miezi minne ya Jumamosi mchana na Jumapili baada ya misa, sisi watatu, nikimhesabu Mama Riziki mlangoni, tulikuwa na Orena.

Diski ya kwanza iliishia kwenye daraja. Orena alibaki nyuma kuwazuia askari ili wenzake wavuke, kamba zikakatika, daraja likaanguka. Kisha skrini ikawa nyeusi, yakabaki maneno meupe. Mtawa ndiye aliyekuwa akisema. Alisema alishuka hadi kwenye mawe, akamkuta, hapumui, na kwamba wamemzika palepale na wasirudi tena. Sentensi zilikuwa fupi, hata Kiingereza changu kilizielewa zote. Bahati alikuwa ameegemea mbele, manette imening'inia magotini.

"Anasema nini? Tafsiri, Tanzania. Anasema nini?"

Nikamwangalia. Sijawahi kuona uso kama ule. Alikuwa haniulizi habari za mchezo. Nikasema, "Anasema maji yamemchukua. Wametafuta, hawakumwona. Anasema atarudi."

"Atarudi? Ameandika vile?"

"Ndiyo. Atarudi mwishoni."

Akapumua. Akasema, "Bon," akafuta uso kwa mkono wa shati, akaweka diski ya pili. Uongo huo ulinitoka kwa wepesi kiasi kwamba nilijisikia mtu mwema. Nilikula viazi vingi siku ile.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya diski mbili. Katika kila mji mtu alimtaja Orena, nami nikalazimika kugeuza. Mdogo wake aliposema anamlilia, nilisema anamtafuta. Mwizi alipowasha mshumaa kwa ajili yake, nilisema anamwekea taa asipotee njia. Na mchezo wenyewe ukanisaidia kwa kasoro ambayo mpaka leo sijawasamehe waliouunda: maduka yaliendelea kuuza pinde. Hakuna mwingine katika kikundi aliyeweza kuvuta upinde, lakini kila mji mpya uliuza upinde bora kuliko wa mji uliopita. Nadhani watengenezaji walisahau tu kuziondoa. Bahati hakuamini kwamba watu wanasahau. "Unaona? Kama hatarudi, wanauzisha arc ya nini?" Kila tulipofika akanunua upinde kwanza, kabla ya dawa, kabla ya ngao, na mara nyingi tukashindwa vita kwa sababu hiyo. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu, lakini kwa Bahati asiyekuwapo ndiye aliyehudumiwa kwanza. Mkobani tulikuwa na pinde saba.

Mwezi wa sita alikuja mwanamke mmoja mchuuzi aliyekuwa akivusha unga mpakani. Alikaa jikoni na Mama Riziki, nami nilikuwa sebuleni nikimngoja Bahati aoge. Ukuta ulikuwa wa mbao, maneno yalipita yote. Alisema ametoka Sake, ameongea na watu waliokimbia pamoja na Riziki, wanasema alipata homa njiani, alizikwa na wanawake wawili chini ya mukaratusi. Mama Riziki hakupiga kelele. Nilisikia tu akirudia, "Yooo. Yooo. Chini ya mukaratusi." Mchuuzi alipoondoka, Bahati akaingia jikoni na taulo shingoni, na mama akamwambia sasa wataita watu, wakae ikiriyo, wamwite padri.

"Hapana, mama. Bado."

"Bado nini, mutoto wangu? Wamemuona."

"Hawakumuona wao. Waliambiwa. Watu wanasema mambo mingi. Ukikalisha watu hapa, unamuua wewe mwenyewe. Ngoja kidogo. Mi niko na alama."

"Alama gani?"

"Siwezi kukuambia. Ngoja tu, mama. Atarudi mwishoni."

Yalikuwa maneno yangu. Neno kwa neno. Nikabaki nimekaa kwenye kile kiti chenye kitambaa, nikaelewa kwamba kijana huyu mwenye akili zake timamu, wa kwanza darasani kwa hesabu, amejiwekea nadhiri moyoni: yule akirudi, na huyu atarudi. Sote tumewahi kujiwekea ahadi za namna hiyo. Nikifika mlangoni kabla gari halijapita, baba atapona. Tofauti ni kwamba yake niliitia sahihi mimi. Ningeweza kuingia jikoni wakati ule ule nikasema. Hatua tatu tu. Nilisubiri aingie sebuleni, akaingia, akachukua manette, na mimi nikasoma.

Mama alingoja. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Alimheshimu mwanawe, au alitaka sana kumwamini, akangoja miezi mitano. Alipungua. Alikuwa akiweka sufuria motoni na kuisahau, akituletea chai isiyo na majani, maziwa matupu ya moto, na sisi tukanywa bila kusema. Jirani muuza samaki alimwambia siku moja uani, akidhani hatusikii, "Mama Riziki, chozi ukiifungia ndani itakuozesha." Naye akajibu, "Bahati amesema ningoje." Siku nyingine alinishika mkono langoni. "We mutoto wa Tanzania, ye anakusikiaka. Muulize hiyo alama yake ni nini. Mi nimechoka, unaona? Nimechoka kungoja." Nikasema, "Nitamwuliza, mama." Kiswahili changu kizuri, cha adabu. Sikumwuliza.

Tulimaliza mchezo Jumapili moja ya mvua mwezi wa kumi na moja. Mfua chuma alishindwa, moto ukarudi kijijini, muziki ukaanza kupigwa taratibu, na Bahati hakushangilia. Alikuwa anasubiri. Wakaonekana watu wote tuliowahi kukutana nao, mmoja mmoja, mzee wa sentensi moja, mwenye nyumba ya wageni, mwizi. Kila mlango ulipofunguka kwenye skrini alisogea mbele kidogo. Mwisho kabisa mdogo wake Orena alipanda mlima peke yake, akafika kwenye jiwe lililosimama, akapiga magoti, akaegemeza upinde. Juu ya jiwe palikuwa na herufi tano. Herufi hazina lugha. Bahati alizisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza.

Vikombe kabatini vilikuwa kimya. Akasema bila kugeuka, "Ile ni kaburi."

"Ndiyo."

"Ulijuaka?"

Nikaanza kukusanya diski.

"Deo. Ulijuaka tangu daraja?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu.

"Nilijua. Waliandika amekufa. Nilikuona uso wako, nikashindwa kusema."

Nilitegemea anipige, na nadhani ningepona haraka zaidi. Aliweka manette sakafuni kwa uangalifu, akaizungushia waya wake. "Mi nilimukatazaka mama yangu kulia," akasema. "Miezi tano. Aliniomba, nikamukataza. Juu ya jeu, mchezo tu. Juu yako." Sauti yake haikupanda. "Enda kwenu."

Ikiriyo ilikaliwa juma lile lile. Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa tusi juu ya tusi, nikakaa nyuma kabisa kwenye benchi karibu na lango. Mama Riziki alilia siku ile kwa sauti ambayo ilikuwa imengoja miaka mitatu, na wanawake walimshika mabega, na wengine wakasema kumbe alikuwa na machozi hivi, mbona alikaa nayo. Bahati alikuwa akigawa vinywaji. Aliponifikia alinipa chupa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa mbali, akasema, "Karibu, bwana. Merci kwa kuja." Akaenda kwa mwingine. Januari aliandikishwa shule ya bweni, na familia yangu ikahamia Kigali. Niliandika barua tatu. Mama Riziki ndiye aliyenijibu, mara moja, kwa Kinyarwanda, akisema hana kinyongo na mtoto. Alitangulia miaka mingi iliyopita, na kuzikwa kwake pia nilikusikia kwa watu.

Ijumaa nilimzika Bahati. Alikuwa amejenga nyumba nzuri njia ya kwenda Kanzenze, ina baraza pana, na baraza lote lilijaa watu wa ofisini kwake na wa kanisani. Sikumjua hata mmoja. Nilipoinuka kuaga, mkewe akanishika kiwiko, akaniingiza chumba cha kulala, akafunga mlango. Ni mwanamke wa Goma, mfupi, macho yamevimba. Akatoa kwenye mkoba karatasi ya hospitali ya Kampala, kurasa mbili.

"Shemeji, Mama Riziki alikuwa anasemaka we njo ulikuwa unawasomea Kiingereza. Nisomee hii. Watoto wanajua kusoma, lakini sitaki wao njo waisome kwanza." Akakaa kitandani. "Mi nataka kujua kitu moja tu. Inasema tulichelewa? Alikuwa anasema ni ulcère, ni tumbo tu, na mi nikakubali. Kama ningemubeba mapema kwa nguvu, angepona? Niambie tu kama ni mi."

Nikavaa miwani. Karatasi ilisema mgonjwa alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili, akaelezwa kwamba uvimbe umekwisha kusambaa na hauwezi kukatwa, kwamba dawa ni za kupunguza maumivu tu. Ilisema ameelewa. Ilisema ameomba familia isijulishwe. Nikasoma hadi mwisho kimya, na nikauona uso wake ukiningoja, na nikajua sentensi nzuri ya kumpa. Ilikuwa tayari mdomoni. Madaktari wanasema hakuna mtu angeweza kujua. Angepumua, angesema merci, angelala.

Nikamsomea kama ilivyoandikwa. Mwezi wa pili. Kusambaa. Ameomba familia isijulishwe.

"Alijuaka?" akasema.

"Alijua, shemeji. Hukuchelewa wewe. Alijua tangu siku ya kwanza."

"Alikuwa anajua, na tunachagua rangi ya nyumba? Mwezi wa saba alichagua rangi ya hii chumba." Akaangalia kuta. "Juu ya nini hakuniambia? Mi ni bibi yake. Juu ya nini?"

Hilo nililijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa katika nyumba ile. Nikasema, "Alikuangalia usoni, akashindwa."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Nje, kwenye baraza, walikuwa wameanza wimbo mwingine. "Miezi nane," akasema. "Miezi nane ningelia naye." Kisha akanirudishia karatasi.

"Soma tena, shemeji. Polepole."

Nikasoma tena. Sikuruka neno.